Kabla Hamjasaini Mkataba wa Blokucheni: Barua ya Wazi kwa Vyama vya Ushirika vya Kahawa Kilimanjaro

Kwa wenyeviti, makatibu meneja na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi vya kahawa, kuanzia Machame, Kibosho na Uru mpaka Old Moshi, Kilema, Marangu na Rombo.

Wazee wangu na ndugu zangu katika ushirika,

Mimi ni mwanachama wa chama cha msingi huku Kibosho, na riziki yangu naipata mjini Moshi kwa kutengeneza mifumo ya kompyuta. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo hili ni la wanachama wote, na likiachwa lizungumzwe ofisini peke yake litapitishwa kabla watu hawajalielewa.

Wauzaji wa mifumo wanapita kwenye ofisi za vyama wakinadi blokucheni. Ahadi yao inavutia: kilo ya kahawa ikipimwa leo kwenye mizani ya chama, mnywaji wa Hamburg ataelekeza simu yake kwenye pakiti na kuona kihamba ilikotoka. Kila muuzaji anadai mtandao wake una kasi kuliko wa mwenzake. Huyu anaitaja Bitcoin kwa dharau kwamba inabeba miamala kama 7 tu kwa sekunde. Yule anajigamba kwamba mtandao wake unaweza kubeba 65,000. Bodi inasikiliza, inaona 65,000 ni nyingi kuliko 7, na mkono unaanza kutafuta kalamu.

Kasi hiyo hatuihitaji. Nawasihi mwaulize wauzaji mambo mawili ambayo hawapendi kuulizwa: kila kumbukumbu itatugharimu kiasi gani mfumo ukishakua, na nani atashika nakala za daftari.

Najua haraka inatoka wapi. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni namba 2023/1115 inayokataza kuingiza kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mnunuzi anatakiwa kuonyesha mahali kahawa ilipolimwa: kwa shamba lisilozidi hekta 4 inatosha nukta moja ya ramani, na kubwa zaidi ya hapo linachorewa mipaka yake. Kanuni imeahirishwa mara mbili, na tarehe iliyowekwa sasa kwa wafanyabiashara wakubwa na wa kati ni 30 Desemba 2026. Vihamba vyetu vingi havifiki hata hekta moja, kwa hiyo nukta zitakuwa nyingi sana. Lakini hakuna mahali kanuni hiyo inapodai blokucheni. Inadai taarifa za kweli. Anayewaambia kwamba bila blokucheni kahawa yenu haitapokelewa Ulaya, mwombeni awaonyeshe kifungu.

Blokucheni ni daftari ambalo nakala zake zinashikwa na kompyuta nyingi za watu wasiolazimika kuaminiana. Kila ukurasa mpya unabeba alama ya ukurasa uliotangulia, hivyo ukifuta tarakimu moja ya mwezi uliopita, kurasa zote zinazofuata zinakataa. Nguvu yake yote iko kwenye wingi wa wanaoshika nakala na uhuru wao. Na hapo ndipo penye ugumu: kadiri hao wanaoshika nakala, yaani mashahidi, wanavyokuwa wengi, ndivyo wanavyochukua muda kukubaliana. Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, ameeleza kwa miaka mingi kwamba usalama, wingi wa mashahidi na uwezo wa kubeba mizigo mikubwa ni vigumu kuvipata vyote vitatu kwa pamoja. Mtandao wowote unaojisifu kwa kasi umelipia kasi hiyo mahali fulani, na anayenunua anatakiwa kujua umelipia wapi.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukulie wakulima 100,000 wa mlimani, kila mmoja analeta kahawa chamani mara kumi kwa msimu. Hiyo ni mipimo 1,000,000. Msimu tuupe siku 120, na mizani ifanye kazi saa sita tu kwa siku. Siku 120 mara saa 6 mara sekunde 3,600 ni sekunde 2,592,000. Gawanyeni: haifiki hata nusu muamala kwa sekunde. Siku ya msongamano mkubwa, zidisheni mara kumi, mtapata kama miamala minne. Mkoa mzima, na kila debe limeandikwa peke yake, bado tuko chini ya ule uwezo wa Bitcoin unaodharauliwa. Anayewauzia miamala 65,000 kwa sekunde anawauzia kitu ambacho mlima huu hauwezi kukitumia hata wajukuu zetu wakilima kahawa.

Pamoja na hayo, siwashauri muandike mizani yenu kwenye Bitcoin. Mtandao huo ulianza Januari 2009, unatoa ukurasa mpya takriban kila dakika kumi, na tangu 2013 haujasimama. Umefanywa uwe wa polepole kwa makusudi, ili mtu mwenye kompyuta ya kawaida aweze kushika nakala kamili, ambayo sasa imepita gigabaiti 600. Mwaka 2017 watumiaji wake waligombana juu ya jambo hilihili la ukubwa wa ukurasa mpaka wakagawanyika, na wale waliotaka kurasa kubwa wakaanzisha Bitcoin Cash mwezi Agosti. Nafasi ikiwa finyu, anayeandika hulipa, na ada hupanda pale watu wanapokuwa wengi.

Ethereum, iliyoanza Julai 2015, imepita njia nyingine. Desemba 2017 mchezo mmoja wa kununua na kuuza picha za paka ulitosha kuusonga mtandao mzima. Mwaka 2021 ada ya muamala mmoja ilifika makumi ya dola, fedha inayopita thamani ya debe zima la kahawa mbivu. Septemba 2022 mtandao huo uliacha mfumo wa kushindanisha kompyuta kwa umeme na kuhamia ule wa kuweka dhamana. Matumizi ya nishati yakapungua kwa zaidi ya asilimia 99, lakini ada haikushuka kwa sababu hiyo. Kilichoshusha ada ni mitandao ya tabaka la pili, kama Arbitrum, Optimism na Base, inayokusanya miamala mingi pembeni na kupeleka muhtasari wake kwenye Ethereum. Baada ya marekebisho ya Machi 2024 ada zake zilishuka hadi senti, mara nyingi chini ya hapo. Gharama yake iko hapa: kwa kawaida upangaji wa miamala kwenye mitandao hiyo uko mikononi mwa mwendeshaji mmoja. Desemba 2023 Arbitrum ilikwama zaidi ya saa moja kwa sababu kompyuta yake ya kupanga miamala ilizidiwa.

Solana ndiyo yenye ile hesabu ya 65,000, ambayo ni ya nadharia. Ni mtandao wa kasi kweli, na ada yake ni ndogo mno. Lakini anayetaka kuwa shahidi humo anashauriwa awe na mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 256 au zaidi. Niambieni ni chama gani kati ya Machame na Tarakea kitanunua mashine hiyo, na kitailinda na umeme unaokatika. Na tarehe 14 Septemba 2021 mtandao wote ulisimama kwa takriban saa 17 baada ya kufurikiwa na miamala. Februari 2024 ukasimama tena kama saa tano. Mkulima aliyeshusha debe kichwani akiambiwa asubiri mpaka kesho asubuhi kwa sababu mtandao wa dunia umelala, hataniuliza mimi fundi. Atawauliza ninyi.

Kuna aina nyingine, ya daftari la wanaojuana, ambapo washiriki wanasajiliwa kwa majina. Hyperledger Fabric, inayosimamiwa chini ya Linux Foundation, ni ya namna hiyo. Waliouunda walichapisha mwaka 2018 vipimo vya zaidi ya miamala 3,500 kwa sekunde. Hauhitaji sarafu yoyote, na programu yenyewe ni huria. Kwa ushirika, mfumo huu ndio unaokaribia mahitaji, kwa sharti moja ambalo wauzaji hulipita haraka: mashahidi wawe wengi kweli na wasiwe na bwana mmoja. Nimeonyeshwa mpango ambao kompyuta zote nne za mashahidi zingekuwa kwenye akaunti ya kampuni iliyouza mfumo. Hapo hamna blokucheni. Mna kabati la mtu mwingine, na ufunguo anao yeye.

Suala la sarafu nalo lina uzito. Mitandao ya wazi hulipwa ada kwa sarafu zake yenyewe. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari dhidi ya sarafu hizo Novemba 2019, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Chama kikiingiza sarafu kwenye makisio yake, mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, atakuja na maswali, na katibu meneja ndiye atakayeyajibu. Bei ya sarafu nayo haitabiriki, na ada iliyokuwa senti mwezi Julai inaweza kuwa nyingine Novemba, wakati malipo ya awali yameshapangwa.

Jirani zetu wameshapita njia hii. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa, shirika la Grassroots Economics lilianzisha Bangla-Pesa, hati za karatasi ambazo wachuuzi walibadilishana shilingi zikiwa haba. Baadaye hati hizo ziligeuka Sarafu ya kidijitali, zikitumika hata kwenye simu za kitochi kwa kubonyeza namba, na wakati wa Uviko zilibeba mamia ya maelfu ya miamala. Watu wale hawakuwa na shida ya kasi. Waliokuwa nyuma ya mfumo walihangaika na ada na uhuru: walitumia mtandao wa POA, wakahamia xDai, na baadaye Celo. Na Celo yenyewe, iliyoanza mwaka 2020 ikiwa mtandao unaojitegemea, Machi 2025 iligeuzwa tabaka la pili la Ethereum. Waliovuka salama walivuka kwa sababu kumbukumbu zao zilikuwa mikononi mwao na wangeweza kuzihamisha. Mtandao wowote mtakaouchagua leo utabadilika kabla miche mnayopanda mwaka huu haijachoka kuzaa. Mkataba usioruhusu kuondoka na daftari lenu msiutie saini.

Upande wa wakubwa mfano ni TradeLens. IBM na Maersk waliuzindua mwaka 2018 kufuatilia makontena ya dunia kwa blokucheni. Teknolojia ilifanya kazi, fedha zilikuwepo. Novemba 2022 walitangaza kuufunga, wakieleza kwamba ushirikiano wa sekta nzima waliouhitaji haukupatikana. Uwezo wa kukua ulikosekana upande wa watu. Kampuni shindani hazikuona kwa nini zimpe mshindani wao daftari lao.

Nije sasa kwenye mizani, maana humo ndimo fedha za wakulima zinamopotelea. Simameni siku moja pembeni ya karani wakati wa mavuno. Mama anatua debe, karani anatazama mshale, unatikisika kati ya kilo 17 na 18, foleni ni ndefu, anaandika 17. Ile sehemu ya kilo iliyozidi 17 haikuibwa na mtu. Imekatwa na uchovu. Stakabadhi ina karatasi ya kaboni iliyochakaa, nakala ya mkulima haisomeki, na ikinyeshewa njiani imekwisha. Blokucheni ya Ulaya au ya Marekani, ya haraka au ya polepole, itaitunza ile 17 milele na kuiita kweli. Kisha kahawa inamenywa, inaoshwa, inaanikwa, inapungua uzito, inatiwa kwenye magunia. Ikifika Moshi kukobolewa inapungua tena kama sehemu moja ya tano, inachambuliwa AA, A, B, PB na kuendelea, na kahawa ya vihamba mia mbili inakuwa shehena moja. Yule mnywaji wa Hamburg hawezi kuonyeshwa kihamba kimoja. Anaweza kuonyeshwa orodha ya vihamba vyote vilivyochangia shehena, na hilo ndilo kanuni ya Ulaya inalolitaka. Anayeahidi zaidi ya hapo hajawahi kukanyaga kiwanda cha kukoboa.

Ndiyo maana shilingi ya kwanza ningeipeleka kwenye mizani ya kidijitali inayotuma uzito wenyewe bila kupita kwenye kalamu, na ujumbe mfupi kwenye simu ya mkulima papo hapo. Programu ifanye kazi bila intaneti na ipeleke kumbukumbu mtandao ukirudi, kwa sababu hali ya mtandao Rombo ya juu mnaijua.

Baada ya hapo mashahidi. Chama kishike nakala, chama kikuu kishike, Bodi ya Kahawa ishike, Tume ya Maendeleo ya Ushirika ishike, na Chuo Kikuu cha Ushirika kilichopo hapahapa Moshi kishike ya kwake. Watano, kila mmoja na mashine yake ya kawaida, hakuna anayemwajiri mwenzake. Mfongo wetu, mfereji wa maji ya kumwagilia, ulidumu vizazi kwa sababu kila ukoo ulioutegemea ulikuwa na siku yake ya kuusafisha; daftari hili nalo litunzwe hivyo.

Kisha kila jioni programu itoe alama moja ya kumbukumbu zote za siku, mstari wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha gramu moja kwenye stakabadhi moja, mstari wote unakuwa mwingine. Mstari huo peke yake ndio upelekwe kwenye mtandao mkubwa wa wazi. Iwe milioni ya mipimo au elfu kumi, gharama ni ileile, kwa sababu kinachoandikwa nje ni mstari mmoja kwa siku. Huduma huria ya OpenTimestamps inaweka alama za namna hiyo kwenye Bitcoin bila kumtoza mtumiaji wala kumlazimisha ashike sarafu. Wazo lenyewe ni la zamani: Stuart Haber na Scott Stornetta walilichapisha mwaka 1991, na kampuni yao ikawa inachapa alama kama hizo kwenye gazeti la New York Times kila wiki tangu 1995. Nasi tubandike ya kwetu kwenye ubao wa matangazo wa kila chama, mahali panapobandikwa bei ya kahawa, ili hata asiye na simu janja aweze kumleta kijana wake ahakiki.

Mambo haya yasiingie kabisa kwenye mtandao wa wazi: jina la mkulima, namba yake ya NIDA, simu yake na nukta ya kihamba chake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki juu ya taarifa zake, na kilichoandikwa kwenye blokucheni ya wazi hakifutiki. Vihamba vyetu vina makaburi ya wazee wetu na migogoro ya mipaka ambayo haijaisha. Ramani ya vihamba hivyo haiwezi kuwa ya kila mtu duniani.

Wazee wangu, wakulima wa mlima huu waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya serikali, kazi zake zikapewa mashirika ya umma ya mazao, na ilipofika sheria ya 1982 kuvirudisha, kurudi hakukuwa kama kuondoka. Kizazi kile kilijifunza nini kinatokea daftari likishikwa na mtu wa mbali. Sitaki kizazi chetu kilikabidhi kwa hiari, kwa sababu ya tarakimu iliyosomwa haraka kwenye skrini.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mkataba wowote wa mfumo wa kumbukumbu uletwe kwenye mkutano mkuu kama unavyoletwa ukomo wa madeni, ukiwa na nakala ya Kiswahili iliyosambazwa mapema. Muuzaji aandike gharama ya kila kumbukumbu kwa shilingi, kwa mwaka wa kwanza na wa tano. Aandike ni taasisi zipi zitashika nakala na nani anamiliki mashine. Aandike ni kwa siku ngapi, na kwa gharama gani, chama kitapewa daftari lake lote siku kikiamua kuondoka. Na kabla ya malipo yoyote, mfumo ujaribiwe msimu mzima katika chama kimoja, mizani zote mbili zikifanya kazi sambamba, ile ya zamani na mpya, na matokeo yasomwe mbele ya wanachama.

Nipo tayari kukaa na bodi yoyote itakayoniita, bila malipo, kuusoma mkataba kifungu kwa kifungu. Msimu wa Julai uko karibu. Tafadhali msisaini kabla wanachama hawajausikia.

Mwanachama mwenzenu,
Kibosho, Moshi